Kelele za Ndege Nyuki Huigwaje, na Zinahusu Nini Afya Yetu?

Bila shaka umesikia habari za ndege ndogo isiyo na rubani. Wengi huiita ndege nyuki. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege za namna hii hupeleka damu hospitalini. Sisi tunaohudumu zahanati za vijijini twajua maana yake. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, kila dakika ni uhai wake. Lakini chombo hiki kina kelele, na kelele ni jambo la afya.

Kwa nini huvuma kama nyuki?

Ndege nyuki nyingi zina rafadha nne, mfano wa pangaboi ndogo. Tuseme kila rafadha ina mapanga mawili. Ikizunguka mara 100 kwa sekunde, mapanga hayo hukata hewa mara 200. Sikio husikia mapigo hayo kama mvumo mmoja. Nyuki naye hupiga mabawa yake zaidi ya mara 200 kwa sekunde.

Kelele huigwaje?

Kwanza, wataalamu hutengeneza mvumo huo kwa kompyuta. Pili, huongeza sauti nyembamba zinazoandamana nao, za mapigo 400, 600 na kuendelea. Tatu, huongeza sauti ya hewa inayochanwa, kama upepo kwenye migomba. Mwisho, huzifanya rafadha zipishane kidogo kwa kasi, maana angani hazizunguki sawasawa. Hapo sauti hupanda na kushuka. Kisha watu husikilizishwa kwa spika, nao husema inawaudhi kiasi gani.

Mwaka 2017 wachunguzi wa NASA, shirika la anga la Marekani, walieleza jaribio ambalo watu walisikilizishwa sauti za ndege nyuki na za magari. Sauti zilipokuwa na nguvu sawa, zile za ndege nyuki ziliudhi zaidi. Basi mwanakijiji akilalamika, asiambiwe ni mshamba. Sikio lake linasema kweli.

Faida ya kuiga ni hii: mhandisi husikia kosa kabla ndege haijaruka juu ya mtoto aliyelala. Huweza kubadili rafadha mapema. Kwa kawaida rafadha kubwa inayozunguka polepole huwa na kelele kidogo kuliko ndogo inayokwenda mbio.

Tufanye nini?

1. Ndege nyuki ikipita juu kwa muda mfupi haikutii uziwi. Usiitupie mawe. Huenda imebeba damu ya ndugu yako.

2. Watoto wasikaribie rafadha zinazozunguka. Huweza kukata vidole na kuumiza macho.

3. Ikipita kila siku juu ya nyumba, hasa usiku, usinyamaze. Kelele za muda mrefu hukosesha usingizi. Zile za barabarani na za ndege kubwa zimeonekana kuambatana na shinikizo la damu. Andika saa inazopita, upeleke jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji. Ombeni njia yake ihamishwe mbali na makazi.

Jadilini katika kikundi chenu: ikiwa ndege nyuki italeta damu kwenye zahanati yetu, ipite wapi ili dawa ifike na watu walale?