Lenzi pana sebuleni: Wote waingie, na kila mmoja abaki na sura yake

Kuna picha ya familia inayopatikana karibu kila nyumba. Waliokaa katikati wametoka vizuri. Shangazi aliyesimama mwisho wa mstari anaonekana mnene kuliko alivyo, na mtoto wa upande wa pili kichwa kimevutika kama papai. Watu wanacheka, shangazi anaomba picha ifutwe, na siku hiyo haitarudi tena.

Shangazi hakukaa vibaya. Kilichomharibia ni lenzi iliyotumika, na mahali alipopangwa mbele yake.

Familia zinapokusanyika Krismasi, Idi, ubatizo au mahafali, watu huwa wengi na sebule huwa ndogo. Mpigaji anarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta, na bado wawili hawajaingia. Hapo wenye simu wanabonyeza 0.5, na wenye kamera wanaanza kuulizia bei ya lenzi pana. Mzazi, kabla ya kubonyeza au kulipa, ni vizuri kujua lenzi hiyo inakupa nini na inakunyima nini.

NAMBA ZA MILIMITA

Upana wa lenzi hupimwa kwa milimita. Namba ikiwa ndogo, lenzi inaona eneo pana zaidi. Kwenye kamera yenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya 50 inaona takriban nyuzi 40 kutoka kushoto hadi kulia. Ya 24 inaona takriban nyuzi 74.

Watengenezaji wa simu nao hutumia vipimo hivyohivyo ili kulinganisha. iPhone 11, iliyotoka mwaka 2019, ilikuwa na kamera kuu inayolingana na milimita 26 na nyingine pana inayolingana na milimita 13. Simu nyingi zilizofuata, za kampuni mbalimbali, zinakaribia vipimo hivyo. Ukibonyeza 1 unatumia kamera kuu. Ukibonyeza 0.5 au 0.6 unahamia kwenye ile pana sana.

Tuyaweke hayo sebuleni. Tuseme unaweza kurudi nyuma mita 3 tu. Lenzi ya milimita 50 itachukua upana wa mita 2 na kidogo, yaani watu wanne waliobanana. Kamera kuu ya simu, ile ya 26, itachukua takriban mita 4. Ukimhesabia kila mtu nusu mita, hao ni watu saba na nafasi kidogo pembeni. Wakijipanga safu mbili wanafika kumi na wanne. Lenzi ya 13 itachukua takriban mita 8, yaani familia yote pamoja na kabati, televisheni, pazia na ndoo iliyosahaulika kwenye kona.

Kwa hiyo familia nyingi zinaenea kwenye kamera kuu ya simu, na hazihitaji ile ya 0.5. Wanachohitaji ni kupangwa.

KWA NINI WA PEMBENI HUVUTIKA

Chukua tochi usiku, umulike ukuta ukiwa umeinyoosha sawasawa. Utaona duara. Sasa iinamishe mwanga upige ukuta kwa mshazari. Duara linageuka kuwa kama yai. Ndivyo inavyokuwa ndani ya kamera. Mwanga kutoka kwa aliyekaa katikati unafika ukiwa umenyooka. Wa aliye pembeni unafika kwa mshazari, na kichwa chake kinachorwa kikiwa kimevutwa kuelekea nje.

Kadiri lenzi inavyokuwa pana, ndivyo mshazari unavyozidi. Kwenye lenzi ya 26, uso ulio ukingoni kabisa unavutika kwa takriban moja ya tano. Kwenye lenzi ya 13, unavutika zaidi ya mara moja na nusu. Hakuna sura inayovumilia hilo. Wanaoumia zaidi ni wenye miili mikubwa na watoto wachanga, ambao vichwa vyao ni vikubwa kulinganisha na mwili.

Baadhi ya simu zina mpangilio wa kurekebisha umbo la picha ya lenzi pana. Unapatikana kwenye mipangilio ya kamera, na ni vizuri kuuwasha. Hunyoosha kuta na milango iliyopinda na kupunguza kasoro za kingo, lakini usiutegemee kumrudishia shangazi sura yake yote.

Lipo pia jambo la umbali, na hili watu hulichanganya na lenzi. Ukimsogelea mtu sana, pua inakuwa karibu na kamera kuliko masikio, hivyo inaonekana kubwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 katika jarida la upasuaji wa uso ulionyesha kuwa picha ya kujipiga kwa umbali wa takriban sentimita 30 hufanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 zaidi. Kwa umbali wa mita moja na nusu tofauti hiyo haikuonekana. Lenzi pana hukushawishi usogee karibu ili watu wajae kwenye picha, na hapo unapata hasara mbili kwa mpigo.

SIKU PICHA ITAKAPOKATWA

Hili tusilikwepe. Msiba unapotokea, jambo moja kati ya yale ya kwanza kutafutwa ni picha ya marehemu, ya kuweka mbele ya jeneza, kwenye tangazo au kwenye fulana. Wazee wengi hawana picha waliyopigwa peke yao. Vijana wanapekua simu, wanaipata picha ya harusi au ya Krismasi, wanakata sura ya babu na kumpelekea mwenye duka la kuchapisha. Picha inarudi ikiwa na ukungu, sura imevutika upande mmoja, na hakuna la kufanya.

Hesabu yake ni rahisi. Kamera pana ya simu nyingi za bei ya kati ina megapikseli 8, yaani nukta zipatazo 3,260 kwa upana. Ikitumika kwa mita 3, nukta hizo zinatawanywa kwenye mita 8 za sebule. Uso wa sentimita 15 unapata nukta 60 tu. Kamera kuu inayotoa picha ya megapikseli 12 ina nukta 4,000 kwa upana. Kwa umbali huohuo zinagawanywa kwenye mita 4, na uso uleule unapata nukta 150. Kamera ya megapikseli 24 yenye lenzi ya kawaida itakupa zaidi ya 200.

Nukta 60 hazitoshi hata kwa picha ya kitambulisho. Nukta 150 nazo ni chache kwa picha ya fremu, lakini angalau sura inatambulika. Ndiyo maana, baada ya picha ya pamoja, chukua dakika mbili umweke babu au bibi kwenye kiti karibu na dirisha, urudi nyuma mita moja na nusu, na umpige peke yake. Picha hiyo moja itafanya kazi ambayo hakuna lenzi pana inayoweza kuifanya.

ANZA NA ULICHONACHO

Kwanza, jiulize kama picha lazima ipigwe ndani. Baraza au kivuli cha mwembe kinakupa nafasi ya kurudi nyuma mita 5 au 6, na mwanga unaosaidia nyuso. Epuka jua la saa sita mchana, kwani linaweka vivuli chini ya macho.

Ikibidi kuwa ndani, simama kwenye kona. Sebule ya mita 3 kwa 4 ina mita 5 kutoka kona hadi kona. Fungua mlango, urudi nyuma hadi koridoni ikiwezekana. Wapange watu safu mbili au tatu: watoto chini, wazee kwenye makochi, vijana nyuma. Safu moja ndefu ndiyo inayolazimisha lenzi pana.

Wazee, wajawazito na wenye vichanga wakae katikati. Mwisho wa mstari waweke vijana wembamba, na wageuze mabega kidogo kuelekea katikati. Acha nafasi tupu pande zote mbili, hata upana wa mtu mmoja.

Kamera iwe kwenye usawa wa kifua na iwe imenyooka. Ukiiinamisha kutoka juu, vichwa vinakuwa vikubwa na miguu inapungua. Ukiielekeza juu kutoka chini, utapata videvu na matundu ya pua. Dirisha liwe nyuma yako, lisiwe nyuma yao.

UKIAMUA KUNUNUA LENZI

Wapo wazazi wenye kamera kabatini, mara nyingi Canon au Nikon iliyokuja na lenzi ya 18-55. Kamera hizi za kawaida zina sensa ndogo kuliko ile ya milimita 36, hivyo namba ya lenzi huzidishwa kwa 1.5 kwa Nikon na 1.6 kwa Canon ili kuilinganisha. Hiyo 18 yako inakuwa 27 au 29, karibu sawa na kamera kuu ya simu. Kwa familia ya watu kumi, lenzi pana unayo tayari. Izungushe hadi 18 na uipange familia vizuri.

Kama unapiga picha kwenye nyumba zenye vyumba vidogo mara kwa mara, au umeanza kupata kazi za shughuli za watu, hapo lenzi kama Canon 10-18 au Nikon 10-20 ina maana. Ni nyepesi, na zilitengenezwa kwa ajili ya kamera hizo zenye sensa ndogo. Faida yake ni kwamba unaweza kusimama kwenye 13 au 14 badala ya kwenda mpaka 10. Tumia 10 kwa ukumbi, jengo au meza ya chakula. Kwa watu, isogeze mbele kadiri nafasi inavyoruhusu.

Lenzi yenye f/2.8 huingiza mwanga zaidi ya mara mbili kuliko yenye f/4.5, na bei yake hupanda ipasavyo. Kwa picha ya familia mchana, pazia likiwa wazi, hiyo ya bei nafuu inatosha. Hakikisha tu kasi ya kamera haishuki chini ya 1/125, maana watoto hawatulii.

Mengine ya kuangalia kabla ya kutoa fedha:

• Je, inaingia kwenye kamera yako? Lenzi za Canon zilizoandikwa EF-S hazifungi kwenye kamera za sensa kubwa kama 5D na 6D, na kwenye kamera mpya za RF zinahitaji kiunganishi. Kamera za Nikon za D3000 na D5000 na wenzake hazina mota ya ndani, hivyo tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S au AF-P. Za AF-P nazo hazifanyi kazi kwenye baadhi ya kamera za zamani. Nenda dukani na kamera yako, usiende na jina lake tu.

• Ni jicho la samaki? Lenzi za aina hiyo hupinda kila kitu kwa makusudi. Zinapendeza kwenye michezo, ila si kwa picha ya bibi.

• Imeshatumika? Mulika tochi ya simu ndani yake na uangalie upande wa pili. Utando kama wa buibui ni kuvu, nao hupenda hewa yenye unyevu kama ya Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa. Lenzi yenye kuvu iache. Ya kwako ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

• Vilenzi vya kubana kwenye simu huuzwa kwa bei ndogo, lakini vingi hutia giza kwenye kona na ukungu kwenye kingo, palepale waliposimama watu.

UKICHAGUA SIMU

Usihesabu macho ya kamera mgongoni. Simu nyingi za bei nafuu zina matatu, lakini mawili ni ya megapikseli 2, moja la kupiga vitu vidogo kwa karibu na jingine la kusaidia kufifisha mandhari ya nyuma. Hakuna hata moja linaloongeza upana. Fungua kamera pale dukani: usipoona 0.5 au 0.6, lenzi pana haipo.

Ikiwepo, mwombe muuzaji na mtu mwingine wasimame ndani ya duka, mmoja katikati na mmoja ukingoni. Piga kwa 0.5, kisha kwa 1. Zikuze picha zote mbili uangalie sura ya yule wa ukingoni. Ukiona 0.5 ina ukungu mwingi hata kwa taa za dukani, sebuleni jioni itakuwa mbaya zaidi. Basi fedha yako iende kwenye simu yenye kamera kuu nzuri, kwa sababu hiyo ndiyo utakayoitumia kila mtoto anapofikisha mwaka, kila shule inapofunga, na kila mara bibi anapokuja kutoka kijijini.