Foleni ya GPO Si ya Stempu Tena: Posta Iliishiwaje na Pesa, na Wewe Unaingia Wapi?

Ukipita Kenyatta Avenue jijini Nairobi asubuhi ya siku ya kazi, utaona watu wengi wakiingia katika jengo la GPO. Foleni bado ipo. Lakini hebu waulize wamefuata nini. Wengi watakuambia ni kitambulisho, cheti cha kuzaliwa au shughuli nyingine ya serikali pale Huduma Centre. Wa kununua stempu utawatafuta.

Miaka ya karibuni mmesikia habari za Posta yetu: wafanyakazi kucheleweshewa mishahara, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali kuonya kwamba madeni yanayotakiwa kulipwa yameshinda pesa iliyopo ya kuyalipa. Pengine ulisoma ukasema, "Kwani inanihusu nini? Mimi niko na simu."

Inakuhusu. Na tuseme ukweli mapema: sisi tulio kwenye biashara ya pesa kwa simu ni sehemu ya sababu Posta ilipungukiwa.

Enzi za mani oda

Kama umezaliwa baada ya mwaka 2000, muulize mzazi wako pesa zilikuwa zinafikaje nyumbani. Baba anafanya kazi Mombasa, familia iko Siaya au Kitui. Mwisho wa mwezi anapanga foleni posta, anajaza fomu ya mani oda, analipa ada, halafu karatasi inasafiri. Mama naye anasubiri siku kadhaa, anapanda gari hadi mjini, anapanga foleni yake, na akiwa na bahati anakuta posta hiyo iko na pesa ya kumlipa. Wengine waliona ni heri kumpa dereva au kondakta wa basi bahasha, na kuomba Mungu.

Mwezi Machi 2007 M-Pesa ikaanza. Kazi iliyochukua siku kadhaa ikawa ya dakika. Posta ilikuwa na huduma yake ya kutuma pesa kwa njia ya kielektroniki, PostaPay, lakini bado ilimtaka mtu aende kwenye kaunta. Wakala wa simu alikuwa dukani karibu na nyumbani, na alifunga usiku.

Hatuombi msamaha kwa hilo, manake mwananchi alipata nafuu ya kweli. Ila ada ya mani oda haikuwa ya kusafirisha karatasi tu. Ilisaidia kulipa karani, taa na paa la ofisi ile ile iliyopokea barua yako.

Pesa rahisi iliondoka, kazi ngumu ikabaki

Ili uelewe shida ya Posta, fikiria matatu ya abiria 14. Ikijaa, nauli inalipa mafuta, dereva na mkopo wa gari. Ikibeba watatu, mafuta ni karibu yale yale, dereva ni yule yule, na mkopo haupungui hata shilingi. Mwenye matatu atasubiri ijaze, au aikate hiyo safari.

Posta haina ruhusa ya kukata safari hivyo. Kisheria ndiyo iliyopewa jukumu la kufikisha huduma ya msingi ya barua kwa wananchi wote, hata pale ambapo barua ni chache na barabara ni mbaya. Kampuni binafsi za vifurushi na mabasi zinaweza kuchagua njia yenye faida, kama Nairobi hadi Mombasa, na kuiachia Posta zile nyingine.

Zamani mzigo huu ulikuwa na wa kuubeba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya iliunda shirika moja la posta na simu. Simu ndizo zilizokuwa na pesa, na barua zilikaa chini ya paa hilo hilo. Mwaka 1999 shirika likagawanywa: simu zikaenda Telkom Kenya, usimamizi wa sekta ukaenda kwa tume ya mawasiliano, na barua zikabaki na Posta. Posta ikasimama peke yake wakati mbaya kabisa, maana simu ya mkononi na intaneti zilikuwa mlangoni.

Kisha wateja wakubwa wakaondoka mmoja mmoja. Taarifa ya benki iliyokuja kwa bahasha ikawa barua pepe. Bili ya stima ikawa ujumbe kwenye simu. Kadi ya Krismasi ikawa picha ya WhatsApp. Hakuna aliyekaa chini akaamua kuiua Posta. Kila mmoja wetu alichagua njia rahisi, na tukawa wengi. Majengo, magari na pensheni vikabaki pale pale vikidai.

Si Kenya peke yake

Ukidhani ni shida ya nchi maskini, tazama Marekani. Huko barua za daraja la kwanza zilifika kilele mwaka 2001, zaidi ya bilioni 103 kwa mwaka. Kufikia 2023 zilikuwa kama bilioni 46. Juu ya hilo, sheria ya mwaka 2006 iliitaka posta yao iweke kando kama dola bilioni 5.5 kila mwaka kwa matibabu ya wastaafu wa baadaye. Mwaka 2012 ikashindwa kulipa, na sharti hilo likafutwa mwaka 2022. Hata baada ya kuondolewa mzigo huo, hasara ya mwaka wa fedha wa 2024 ilikuwa dola bilioni 9.5.

Denmark walikwenda mbali zaidi. Posta yao ilianza mwaka 1624. Tangu mwaka 2000 barua zilipungua kwa zaidi ya asilimia 90, na mwisho wa mwaka 2025 kampuni ya posta ya taifa, PostNord, ikaacha kabisa kusambaza barua, ikabaki na vifurushi. Walioumia kwanza ni wazee na watu wa mbali wasiotumia mitandao.

Hapo ndipo tunataka ufikirie. Huduma ya taifa ikidhoofika, mtu wa mjini mwenye simu nzuri hata hashtuki. Anayeachwa ni nyanya wa kijijini anayengoja barua ya hospitali, au kijana wa bodingi ambaye barua yake ya masomo imetumwa kwa sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Na sisi wa pesa kwa simu tusijidanganye: wakala akiona kijiji hakimlipi, naye hufunga duka. Swali la nani atawafikia watu wa mbali halikuisha Posta ilipoishiwa. Limehamia kwetu.

Mambo manne ya kufanya wiki hii

1. Jua sanduku lako la posta liko vipi. Wakenya wengi tunatumia sanduku la shule, la kanisa au la mjomba. Fomu bado zinauliza anwani, nasi tunaijaza bila kufikiria. Uliza: ada ya mwaka imelipwa? Nani yuko na ufunguo? Mara ya mwisho lilifunguliwa lini? Kama huna majibu, usiandike anwani hiyo kwenye jambo la maana.

2. Angalia kama namba yako ya simu inaweza kuwa anwani. Posta iko na huduma iitwayo MPost, inayofanya namba yako ya simu kuwa anwani ya posta na kukutumia ujumbe barua yako ikifika. Inamfaa mpangaji anayehama mara kwa mara. Jisajili kupitia njia rasmi tu, na kama hujui pa kuanzia, uliza kwenye kaunta ya posta.

3. Jihadhari na "kifurushi chako kimezuiliwa". Matapeli wanajua watu wananunua vitu mtandaoni. Unapata ujumbe: kifurushi kiko posta, lipa shilingi kidogo ukifuate, bonyeza hapa. Usibonyeze. Kama huna kifurushi unachongoja, futa. Kama unacho, nenda posta mwenyewe au piga namba rasmi uliyoitafuta wewe, si ile iliyo kwenye ujumbe. Unapolipa kwa Paybill, soma jina la anayepokea kabla malipo hayajakamilika. Likiwa jina la mtu binafsi, ghairi. Na hakuna karani wa posta wala wa kwetu atakayekuuliza PIN yako.

4. Piga hesabu zako kama za Posta. Andika matumizi yako yasiyopungua hata ukikosa kazi mwezi mzima: kodi, karo, mkopo, chakula. Kisha andika mapato yako yanatoka sehemu ngapi. Kama yote yanatoka mahali pamoja, basi wewe pia ni matatu inayotegemea njia moja. Anza akiba ndogo sasa, hata ya shilingi 50 kwa siku, kabla abiria hawajapungua.

Na Posta yenyewe?

Bado iko na vitu ambavyo pesa haiwezi kununua haraka: ofisi katika miji mingi, majengo mahali pazuri, na jina ambalo wazee wetu wanaliamini. Watu wananunua vitu mtandaoni, na vitu hivyo havipiti kwenye waya, lazima mtu avibebe. Kama Posta itaipata kazi hiyo, na kama serikali italipa gharama ya kufika kule kusikolipa, ni mambo ya kuamuliwa na wakubwa.

Letu ni dogo. Siku ukipita mjini, pitia sanduku lile. Huenda kuna barua yako inangoja.