Mikisa ya kwaya: kutengeneza au kununua mpya?

Kwaya yangu ya zamani ya Dzaleka, kambi iliyonisomesha miaka ya 1990, iliniita kwa ajili ya mikisa yao ya dijitali inayozima katikati ya wimbo. Vijana walitaka mpya. Mimi nilikumbuka Novemba 2023, dola iliporuka kutoka kwacha 1,180 hadi 1,700. Tukaipakia minibasi mpaka Biwi, Lilongwe.

Fundi akaifungua: kapasita za pawasaplai zimevimba, betri ndogo ya kumbukumbu imekufa. Ubao mkuu mzima. Ungekuwa umeungua huo, ningewaambia waiuze vipuri, maana ubao wa modeli iliyoachwa na kiwanda ni nadra kupatikana. Tukatengeneza, salio likanunua stabilaiza, vijana wakinung'unika.

Nanyi wafanyabiashara wa mpakani, mkinunua ya mtumba iwasheni saa nzima kabla ya kulipa. Hii yetu ilikuwa ikizima dakika ya 40.