Pweza wa Vamizi: Mgeni Asiyetoka Sayari Nyingine

Zoezi moja linalopendwa katika madarasa ya Kiswahili ni lile la kubuni mnyama wa sayari nyingine. Mwanafunzi hutakiwa aeleze mnyama wake ana viungo gani, anakula nini na anazaa vipi. Zoezi hili ni zuri kwa sababu humlazimisha kutumia msamiati wa mwili na upatanisho wa ngeli kwa kitu ambacho hakukikariri. Tatizo ni kwamba wanyama wengi wanaobuniwa huishia kuwa binadamu wa kijani mwenye kichwa kikubwa. Makala haya yanapendekeza tuanze na mnyama halisi anayewashinda wote hao kwa maajabu, naye ni pweza.

Twende Vamizi, kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita 12 hivi, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji. Wenyeji wake husema Kimwani, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi wavuvi kutoka Tanzania wamekuwa wakifika huko na Kiswahili chao. Maji ya bamvua yakipwa, mwamba hubaki wazi na watu hutembea juu yake wakichungulia mashimo. Pweza anayetafutwa sana katika miamba ya pwani yetu ni yule ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea. Yeye huwinda mchana, tofauti na jamaa zake wengi wanaotoka usiku.

Hebu tumchunguze. Kwanza, ana mioyo mitatu. Miwili husukuma damu kwenye matamvua, na wa tatu huisambaza mwilini. Huo wa tatu husimama anapoogelea, ndiyo maana hupendelea kutambaa. Damu yake ni ya buluu, kwa sababu hubeba oksijeni kwa kutumia madini ya shaba, ilhali yetu hutumia chuma. Hana mfupa hata mmoja. Kitu kigumu mwilini mwake ni mdomo unaofanana na wa kasuku, kwa hiyo tundu linalopitisha mdomo huo humpitisha yeye mzima. Ubongo wake umeizunguka njia ya chakula kama pete, na kila anachomeza hupita katikati yake.

La ajabu zaidi ni minyiri yake minane. Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili ya hizo zimo ndani ya minyiri, nje ya ubongo. Mnyiri huweza kugusa, kuonja na kuamua jambo dogo bila kusubiri amri ya kichwa. Hapa sarufi yetu inaingia majaribuni: pweza *anatambaa*, lakini mnyiri *unatambaa*. Je, kiungo kinachojiamulia kibaki katika ngeli ya mti na mkono? Wanafunzi watabishana, na ubishi huo una faida.

Ngozi yake ina vifuko vidogo vya rangi vinavyofunguka na kufumba kwa nguvu za misuli. Kufumba na kufumbua, anafanana na jiwe au mwani, ingawa jicho lake lina aina moja tu ya seli za kupokea mwanga. Hata uwindaji wake si wa kawaida. Katika Bahari ya Shamu watafiti wamempiga picha akiwinda pamoja na chewa na mkundaji, na taarifa iliyochapishwa mwaka 2020 ilionyesha akiwapiga samaki wenzake ngumi.

Si ajabu basi kwamba mwaka 2018 wanasayansi 33 walichapisha makala yaliyodokeza kuwa huenda mayai ya pweza yaliletwa duniani na nyota zenye mkia. Wataalamu wengi walilikataa wazo hilo, na sababu yao ni rahisi: chembe za urithi za pweza zinaonyesha wazi undugu wake na konokono na chaza. Ukoo wake na wetu uliachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kisha kila upande ukajitafutia njia yake ya kuwa na akili.

Akili hiyo ina maisha mafupi. Pweza huyu huishi mwaka mmoja hivi, au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu, mayai mamia ya maelfu, akayatundika ndani ya shimo. Huyalinda na kuyapulizia maji safi bila kwenda kuwinda, na yakishaanguliwa hufa. Kwa hiyo anayemchokoa jike shimoni kabla ya hapo anaondoa kizazi kizima kwa mkono mmoja.

Lakini mtu mwenye njaa hatasubiri kwa kuambiwa tu. Mwezi Septemba 2020 Vamizi ilivamiwa na wapiganaji na wakazi wakalazimika kukimbia. Kwa familia iliyopoteza nyumba na shamba, mwamba ndio ghala lisilo na kufuli. Habari njema ni kwamba pweza hukua haraka sana. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, na walipoufungua walipata pweza wengi na wazito kuliko awali. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba navyo vimeutumia utaratibu huo. Unawezekana pale tu watu wanapokuwa na amani ya kutosha kukubaliana, na chakula kingine cha kuwavusha miezi hiyo.

Mwalimu atakayelitumia zoezi hili basi asiishie kwenye viungo. Amtake mwanafunzi aeleze pia mnyama wake anataga wapi, ni nani anamla, na kuna makubaliano gani baina yao.