Je, Wajua? Faili la "amd64" ni la Intel pia

Je, wajua kwamba programu yenye alama ya "amd64" hufanya kazi bila shida kwenye kompyuta yenye prosesa ya Intel? Mwaka 2001 Intel ilitoa Itanium, prosesa ya biti 64 yenye maagizo mapya kabisa; programu za zamani zikawa zinajikongoja humo. AMD, mshindani wa Intel, ilitumia busara zaidi: ilipanua maagizo yaleyale ya zamani, yaitwayo x86, na prosesa yake ya Opteron ya mwaka 2003 ikaendesha programu mpya na za zamani kwa kasi. Mwaka uliofuata Intel nayo ikaifuata njia hiyo. Ndiyo maana ukipakua mfumo endeshi wa Debian kwa ajili ya kompyuta ya Intel, faili lake hubeba jina la mshindani. Prosesa za ARM, zilizojaa kwenye simu, hazielewi maagizo hayo. Hizo hutafutiwa faili la "arm64".