Mwanao akiitwa kusomea udaktari wa mifugo, uliza haya mapema

BARUA ya kujiunga na chuo ikifika nyumbani, swali la kwanza la wazazi wengi huwa ni karo. Kwa anayeenda kusomea udaktari wa mifugo, kuna maswali mengine mawili yasiyofaa kungoja: je, kozi inatambuliwa? Na je, mtoto amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa?

Kwa miongo mingi, aliyetaka shahada hii nchini Kenya alielekea Kabete, katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku hizi anaweza kujikuta Njoro, mji mdogo karibu na Nakuru, ambako Chuo Kikuu cha Egerton kilianza kama shule ya kilimo mwaka wa 1939. Kitivo chake cha udaktari wa mifugo ni kichanga kikilinganishwa na cha Kabete.

Usajili

Sheria ya mwaka wa 2011 yataka kila daktari wa mifugo asajiliwe na bodi ya taaluma hiyo, KVB, kabla ya kutibu. Hivyo, popote mtoto anapoitwa, hasa kwenye kitivo kipya, mzazi aulize bodi yenyewe iwapo kozi hiyo imeidhinishwa. Shahada isiyomwezesha kusajiliwa haitampa kazi aliyoisomea.

Maisha ya mji mdogo

Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Blanketi nzito na sweta si anasa. Faida ni kwamba wakulima wa eneo hilo hufuga ng'ombe wa maziwa, mbuzi, kondoo na kuku. Mnyama hayuko mbali na darasa.

Masomo huchukua miaka 5. Mwanzoni ni mifupa, misuli na mizoga iliyohifadhiwa kwa formalini, dawa ambayo harufu yake hung'ang'ania nguo. Baadaye mwanafunzi hupima mimba ya ng'ombe, mkono ukiwa ndani ya glavu inayofika begani. Atahitaji ovaroli, gambuti na koti jeupe. Wenzake wa kozi za miaka 4 wakihitimu, yeye bado atakuwa akilipiwa chakula na kodi ya nyumba.

Chanjo

Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, mgonjwa ni nadra sana kupona. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza wanaohudumia wanyama wachanjwe kabla ya kuumwa. Hata aliyechanjwa, aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini kuongezewa chanjo.

Gharama ya chanjo hiyo iwekwe kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza, hata kabla ya gambuti.