Je, Wajua? Kiza cha Desemba na Wanaojua Kukitumia

Je, wajua kwamba tarehe 21 Desemba jua la London huzama saa tisa na dakika 53 alasiri? Watoto wanarudi kutoka shule kiza kikianza kuingia. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki hata saa moja, kwa hiyo mgeni kutoka kwetu ana haki ya kudhani saa yake imeharibika.

Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mwanasaikolojia Mmarekani, Kari Leibowitz, alikwenda kuishi huko ili achunguze jinsi wakazi wanavyokabiliana na sonona. Akakuta wengi wanausubiri msimu wenyewe kwa hamu: mishumaa, kahawa, blanketi, na kisingizio halali cha kutotoka nje.

Je, wajua kuna mji unaotangaza utulivu rasmi? Ni Turku, Finland. Kila 24 Desemba, saa sita mchana, hati ya Amani ya Krismasi husomwa hadharani kutoka roshanini. Desturi hiyo ina asili yake katika karne ya 14, na hati yenyewe inaonya kwamba atakayevuruga amani hiyo kosa lake litahesabiwa zito zaidi. Mitaa yetu yenye spika tatu za harusi kwa usiku mmoja ingefaidika na tamko la namna hiyo.

Wakishasikia tamko, Wafini wengi huingia sauna. Watu ni milioni 5.5 hivi, sauna ni milioni 3 hivi. Humo ndani ugomvi ni mwiko. Mmoja anamwagia maji mawe ya moto, mvuke unapanda, na hakuna anayelazimika kuongea.

Wajua Newgrange? Ni kaburi la mawe huko Ireland, lililojengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, kabla ya piramidi za Giza. Juu ya mlango waliacha tundu dogo. Asubuhi za siku fupi kuliko zote, jua likichomoza, mwale hupenya tunduni, ukatambaa sakafuni kwenye ujia wa mita 19, ukafika chumba cha ndani na kukiangaza kwa dakika 17 hivi, kisha kiza kinarudi. Profesa Michael O'Kelly, aliyekuwa akilichimbua, alikaa humo peke yake Desemba 1967 akaushuhudia. Leo nafasi za kuingia asubuhi hizo ni chache mno hata hugawiwa kwa bahati nasibu. Na mshindi hana dhamana yoyote: wingu likitanda, atakuwa amesimama gizani na wageni wenzake, basi. Wanaoomba kila mwaka ni maelfu. Mimi naona ni watu wenye akili.

Je, wajua kwamba sonona ya majira ya baridi ilielezwa kitaalamu na Mwafrika? Norman Rosenthal, mzaliwa wa Johannesburg, alihamia Marekani akajikuta nguvu zinamwishia kila baridi ikiingia. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha utafiti wao, na taa ya tiba ikapata umaarufu: luksi 10,000, nusu saa hivi asubuhi. Taa ya kawaida ya ofisini ni luksi 500 tu. Kwa hiyo anayelala sana, anayekosa raha wiki baada ya wiki, asiambiwe awashe mshumaa na kutafakari. Aende kwa daktari.

Jambo jingine kwa ndugu zetu walioko huko: wataalamu wa afya wa Uingereza huwashauri wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, mwaka mzima.

Wairani usiku mrefu kuliko wote huuita Yalda, na hawaulali. Jamaa hukusanyika kwa mkubwa wa ukoo wakala komamanga na tikitimaji, kisha diwani ya mshairi Hafez hufunguliwa popote. Shairi litakalotokea ndiyo fali yako.

Na je, wajua kwamba mwaka 2030 utakuwa na mwanzo wa Ramadhani mara mbili, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba, kwa kutegemea mwandamo? London watafunga muda wa saa 10 hivi, Dar zaidi ya saa 13. Wa London watamaliza tarawehe mapema, na bado watakuwa na usiku wa kutosha kulala, kuamka kusali na kula daku bila haraka. Tena, kwa sababu ya tofauti ya saa tatu, mwishoni mwa Desemba jua litazama Dar na London kwa kupishana kama robo saa tu, kwa hiyo mama wa Kariakoo na mwanawe wa London wataweza kufuturu pamoja kwenye simu.